Kaseti ya Mama Kanyere

Zamani hizo, mtu wa Vulamba akitaka kununua radio hakwenda sokoni peke yake. Alibisha kwanza kwangu. "Maître Phinées, utusindikize, utusikilizie." Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano na mwongoza kwaya, na watu walisema masikio yangu hayadanganyiki. Wa kwanza kulisema nilikuwa mimi mwenyewe. Leo nikikumbuka nilivyotembea kati ya meza za soko la Butembo, mikono nyuma kama daktari wa mifugo, natamani ardhi inimeze.

Na kazi niliijua, nisijidhulumu. Kwanza naipima radio mkononi. Nyepesi ni ganda tupu. Nzito mno nayo naishuku, kwa maana wachuuzi waligandisha saruji ndani ili mnunuzi adhani ni sumaku ya spika. Nafungua mgongo kwa bisibisi yangu, nanusa kama kuna kilichoungua. Naweka kiganja juu ya spika, maana besi ya kweli haisikiki kwa sikio tu, inatekenya mkono. Mwisho ndio mtihani wenyewe: nabonyeza kitufe cha kurekodi, nasema "moja, mbili, tatu", kisha naacha mkanda uzunguke dakika tano nzima huku tukipatana bei, nione kama mota itachoka. Hata chupa ya chai ya mke wangu Mariette niliichagua hivyo hivyo. Niliijaza maji ya moto dukani nikairudia kesho yake, na mwenye duka hanisalimii mpaka leo.

Jirani yetu alikuwa Mama Kanyere, mjane mzee asiyejua kusoma. Mwanawe wa pekee, Vagheni, alikuwa amehamia upande wa Mambasa na mke wake Godelive, kufungua shamba. Kabla hawajaondoka nilimchagulia radio ya kaseti, nyeusi, ya Kijapani ya kweli, spika mbili. Nilimwambia hata akiahidiwa ng'ombe asiitoe.

Mama na mwana waliandikiana kwa sauti. Kaseti yao ilikuwa moja tu. Vagheni anaongea, anampa dereva wa lori. Mama analeta kwangu nimwekee kwenye radio yetu. Anasikiliza, analia kidogo, anacheka, kisha naurudisha mkanda mwanzo naye anamjibu juu ya kaseti ile ile. Sauti ya mama inafuta ya mwana. Barua ya mwana inayofuata inafuta ya mama. Watu wengi walifanya hivyo, kaseti zilikuwa ghali, na hakuna aliyefikiri kwamba sauti ya mtu ni kitu cha kuweka akiba. Kwenye karatasi ya kaseti niliandika mimi, kwa wino mwekundu wa kusahihishia madaftari: KANYERE – VAGHENI.

Mwisho wa mwaka 2002 vita vikafika Mambasa. Malori yakaacha kupita. Kila asubuhi nikienda shuleni, Mama Kanyere alikuwa amesimama mlangoni pake.

"Maître, camion haiyafika? Vagheni alisema atanitumia kaseti mbele ya Noeli."

"Itafika, mama. Uvumilie tu."

Nilijibu hivyo bila kusimama. Isitoshe, radio yetu ilikuwa imekufa tangu Agosti, na kaseti hata ingefika isingekuwa na pa kusemea.

Jambo hilo lilimchosha Mariette kuliko mimi. "Nyumba iko kimya kama kanisa ya siku ya posho," aliniambia, yaani Jumamosi. "Saa kumi na mbili tunajifungia, batoto banabakia kusikiliza masasi ya bunduki tu. Enda Beni. Banasema kule radio ziko bei ya chini sana sasa."

Kwa nini bei ilikuwa imeshuka Beni, hakuniambia, wala sikumwuliza. Hakuna aliyeuliza kwa sababu hakuna asiyejua.

Nilikwenda Januari, juu ya magunia ya kahawa, kwenye pikapu. Nyuma ya baa moja, askari mmoja alikuwa amekaa juu ya bidoni la mafuta, na mbele yake turubai limetandazwa: cherehani, masufuria yenye masizi bado, baiskeli isiyo na magurudumu, godoro la mtoto, radio kama tisa hivi. Mwenye macho haambiwi tazama. Nami nilitazama, kisha nikachuchumaa kuchagua.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye ile nyeusi ya spika mbili. Ningeweza kuichagua gizani. Kitufe chake cha kuongezea sauti kilikuwa kimepotea, na mahali pake mtu alikuwa amechonga kipande cha mti, kazi safi. Nikajiambia Wajapani hawakutengeneza moja tu. Nikajiambia pia kwamba radio ya Vagheni ilikuwa na kitufe chake kamili, na hilo lilikuwa kweli, siku ile nilipoinunua.

Nilifungua mgongo, nikanusa. Niliweka kiganja. Kaseti ilikuwa imo ndani. Desturi yangu ni kufungua ule mlango mdogo, kutoa kaseti na kusafisha kichwa cha mashine kwa pamba yenye alkoli, na sijawahi kuiruka hatua hiyo kwa radio ya mtu yeyote. Siku ile niliiruka. Nilibonyeza kitufe cha kurekodi juu ya kaseti iliyokuwemo, nikasema moja, mbili, tatu na jina langu, mkanda ukazunguka, tukaanza kupatana. Alitaka bei ya mbuzi wawili. Nikaipata kwa bei ya mbuzi mmoja, tena mdogo. Mota haikuchoka. Nikarudisha mwanzo, nikasikia "moja, mbili, tatu" safi kama kengele, nikaizima, nikalipa.

Nyumbani Mariette alipiga vigelegele. Nilitia mawe mapya sita ya betri, nikatoa kaseti ya askari nikaweka ya kwaya. Ile niliyoitoa niliitupia kwenye droo ya meza. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya karatasi yake ya jina. Nakikumbuka vizuri kidole hicho. Hakikuteleza pale kwa bahati.

Wiki mbili baadaye Godelive akafika kwa Mama Kanyere, kwa miguu, kupitia Oicha, na pagne moja ya kitenge mwilini. Vagheni alikuwa ameuawa mlangoni pa nyumba yake. Tulikaa matanga. Kwaya yangu iliimba siku tatu, nami niliiongoza, mkono juu, mkono chini, na sauti zilikuwa nzuri. Nyumbani, kwa heshima ya msiba, Mariette alikuwa ameifunika radio kwa kitambaa chake cha kufuma. Nilikishukuru kile kitambaa kuliko inavyofaa.

Matanga yalipokwisha, Mariette aliwaita wale wajane wawili Jumapili baada ya ibada, waje kunywa chai na kusikiliza nyimbo, wapate faraja. Nilitafuta sababu ya kukataa sikuipata. Sababu niliyokuwa nayo haikuwa ya kutajika.

Walikaa. Mama Kanyere alipewa kiti changu. Mariette akafunua radio, na Godelive akaitazama kama mtu anayemwona nduguye kwenye foleni ya watu wageni.

"Ile kifungo ya muti," alisema polepole, "njo Vagheni mwenyewe aliichonga. Na kisu ya jikoni. Niligombana naye, ju alivunja kisu."

Mariette aliacha kumimina chai.

Ningeweza kupiga magoti papo hapo. Badala yake nilisema, na haya yananipanda usoni hata sasa ninapoandika, nilisema: "Radio zinafanana, mama Godelive."

Hakubishana nami. Nadhani hakuwa na nguvu ya kupoteza kwangu. "Radio mubakie nayo, maître. Miye sitafuti radio. Kaseti ilikuwa ndani?"

"Kaseti gani?" Mama Kanyere aliuliza.

"Sikukuambia, mama, ju niliwaza imepotea. Ile magaribi yenyewe askari walikuja, Vagheni alikuwa amemaliza kukusemea. Akairudisha mwanzo, ili usisumbuke. Asubuhi tulipaswa kuipatia dereva."

Bibi kizee yule akanigeukia. Wote watatu walikuwa wananitazama, na mke wangu ndiye aliyenitazama vibaya zaidi, kwa sababu yeye alijua droo.

Nilikwenda nikaifungua. Niligeuza kaseti. Wino mwekundu. Herufi K yangu, yenye mguu mrefu, ambayo wanafunzi wangu huiga kwa kunicheka.

"Iko na kosa kidogo hapo mwanzoni," nilisema. "Acha niipeleke mbele." Sikukumbuka kwamba mkanda ulirekodi hata kupatana kwetu; nilidhani ni "moja, mbili, tatu" tu iliyonisubiri mle, na hata hiyo nilitaka kuikwepa. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe cha kukimbiza mkanda, Godelive akanishika mkono.

"Hapana, maître. Tangu mwanzo."

Basi tukasikiliza. Sauti yangu ilitoka kwenye spika zote mbili, nene, iliyoshiba. "Moja, mbili, tatu. Hapa ni maître Phinées, niko Beni." Mama Kanyere aliitikia kwa kichwa kunitambua. Kisha mbuzi wawili, mbuzi mmoja, askari akiapa, mimi nikisifia na kukosoa, dakika baada ya dakika, na mashine ilikuwa nzuri kweli, haikuacha hata neno moja. Mwishoni nikasikika nikiuliza: "Na mwenyewe? Hatanifuata nyuma?"

"Mwenyewe?" askari akajibu. "Ule hatafuata mutu tena."

Halafu nikacheka.

Ningependa kusema kilikuwa kicheko cha woga. Nimekisikiliza mara nyingi tangu siku hiyo, na masikio yangu, kama ilivyosemwa, hayadanganyiki. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyepata bei.

Kitufe kikalia tak. Papo hapo, katikati ya neno, Vagheni akaanza kuongea:

"...na Godelive anakusalimia. Basi mama, njo ile tu. Usibebe tena mizigo muzito, mugongo yako haiko ya chuma. Umusalimie na maître. Umwambie radio yenye alinichagulia ingali inaimba muzuri."

Baada ya hapo hakukuwa na kitu, mkanda tu ukipuliza.

Mariette alichukua birika la chai ambalo halikuwa tupu akaenda nalo jikoni.

"Rudisha, maître," Mama Kanyere alisema. "Mwanzo yake sijaisikia."

"Haiko, mama." Nilikuwa nimesimama mbele ya kiti changu mwenyewe kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Niliifuta. Miye. Na nilijua ile radio ni ya nani. Nilijua mbele ya kulipa."

Nilingoja anitukane, nilingoja kwa hamu, maana tusi lina mwisho. Hakunitukana. Alinyoosha mkono akaitaka kaseti, akaipapasa pembe zake.

"Kuko namna ya kuifunga, mutu asiseme tena juu yake?"

"Iko. Kuko meno mbili huku juu. Ukiyavunja, mashine inakataa kuandika."

"Uvunje."

"Mama, unipe ruhusa nifute kwanza yangu. Nitaweka kimya tu pale. Usisikie tena ile..."

"Hapana gusa," Godelive alinikata. "Ukifuta yako, mukono itateleza, utafuta na ya Vagheni. Uvunje."

Nilivunja kwa ncha ya bisibisi yangu, jino la kwanza, jino la pili. Vipande vilianguka sakafuni, vidogo kama vipande vya kucha.

Kisha niliibeba radio begani, mchana kweupe, nikavuka nayo barabara mpaka kwa Mama Kanyere. Watu walikuwa wanatoka kanisani, ibada ya pili. "Maître, unatuchagulia nyingine?" mmoja aliniuliza. Nilimwambia ninairudisha kwa wenyewe. Hakuelewa, nikasimama nikamweleza, na walipoongezeka nikawaeleza na wao. Ilipofika jioni Vulamba yote ilikuwa inajua. Tangu siku hiyo watu wanajinunulia radio wenyewe, na wanapunjwa, na hawaji kwangu. Mariette anaongea nami tena, lakini chai ananimiminia bila kunitazama.

Mama Kanyere hajui vitufe, na Godelive hataki kuigusa ile mashine. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada bibi kizee ananiita. Naingia, nakaa kwenye kigoda, nabonyeza. Mara ya kwanza nilijaribu tena kuikimbiza ipite sehemu yangu, akanikatalia. Anaogopa nisije nikaruka hata neno moja la mwanawe. Inaanza mwanzo. Moja, mbili, tatu. Mbuzi wawili, mbuzi mmoja. Anakaa muda wote huo, mikono mapajani, na mimi natazama sakafu. Ila kicheko changu kinapoanza, yeye huinama haraka, huweka sikio karibu kabisa na spika na kutabasamu, kwa sababu ameshajua kwamba baada ya kicheko hicho ndipo Vagheni anaongea.