Kimo cha Rutila

Kila mwaka matunda ya mipungate, miti ya miiba isiyo na majani, yanapoiva, wanafunzi huletwa kutoka mjini Tehuacán kutazama kilima chetu, na kila mwaka Bi Casilda hupanda nao kuwapikia. Si kwamba anapenda kelele zao. Huko juu, kando ya magofu, kuna mpungate mmoja anaoutafuta mwaka wa thelathini na mbili sasa, na kwenda peke yake hana moyo.

Binti yake Rutila alikuwa na miaka sita. Siku moja, wakichuma matunda, Casilda alimsimamisha kando ya mpungate mchanga uliomzidi mtoto kidogo tu, akakwaruza kwa kisu mistari miwili usawa wa utosi wake, huku wote wawili wakicheka. Mvua hazijaanza, homa ikamchukua Rutila. Picha hakuwahi kupigwa, na nguo zake zilizikwa naye. Kilichobaki cha mtoto yule duniani ni kimo chake, kimeandikwa kwenye mti mmoja katikati ya maelfu.

Nasi watu wa huku tuna imani yetu, tena tunaishikilia kweli kweli: mpungate ukikua, hupanda na kila kilichoandikwa juu yake. Ndiyo maana Bi Casilda hutembea kilimani ametazama juu, mwaka hadi mwaka, juu zaidi na zaidi.

Asubuhi ya safari ya mwaka huu ukungu ulikuwa unajikokota kuondoka. Mipungate ilisimama kimya mmoja baada ya mwingine, mirefu, ya kijivu, na kuta za watu wa kale zilionekana kama zinapumua. Mwalimu Abundio alimwaga pombe kidogo penye mlango wa mawe, akawaomba wenye mahali ruhusa ya kuingia. Hata watoto wakanyamaza. Casilda alitia maharage motoni, akaanza kuzunguka, miguu myepesi, asijue kama yuko macho au anaota.

"Bibi, unatafuta mayai ya tai?" msichana mmoja, Yadira, akamchokoza. "Shingo itakatika hiyo."

"Shingo ni yangu. Wewe kaangalie chapati zisiungue."

Wenzake wakamcheka Yadira. Mwalimu aliwaita kwenye mpungate mmoja mnene, akawaonyesha, kwa aibu kidogo, herufi zilizochongwa kwenye gome. Alizichonga mwenyewe, akasema, alipokuwa mwalimu kijana na mjinga bado. Wakati ule zilikuwa usawa wa bega lake, na mpungate umeongezeka urefu wa mtu mzima tangu hapo. Akasimama karibu. Herufi zilikuwa usawa wa bega lake.

Casilda alikuwa amesimama nyuma yao na mwiko mkononi.

"Hazikupanda?"

"Hazipandi, Bi Casilda. Shina likishatoka halinyanyuki tena. Kinachokua ni ncha tu."

Casilda aliushusha mwiko. "Mimi nimekuwa nikimtafuta juu," akasema.

"Nani?"

"Mwanangu." Akawaeleza mistari miwili aliyoikwaruza usawa wa utosi wake.

Yadira, ambaye hakumchokoza safari hii, alimwuliza mtoto alikuwa na urefu gani. Casilda akanyoosha kiganja hewani kumwonyesha. Kiganja kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Hakujua. Lilimuuma hilo kuliko yote, kwamba alikuwa amesahau.

Akaenda ukuta wa mashariki wa magofu, walikochuma siku ile, ameinamisha kichwa, kwa mara ya kwanza, akipapasa mashina ya chini ambayo miiba imekwisha pukutika. La kwanza hakuna, la pili hakuna. La tisa, vidole vyake vikagusa makovu mawili yaliyokauka, yamelala sambamba.

Yalikuwa chini ya kifua chake. Miaka yote hiyo, bila kujua, alikuwa amemkuza mtoto kichwani mwake, mwaka kwa mwaka, mpaka akawa binti mrefu anayetembea ndotoni. Huyu hapa hakuwa mrefu.

"Kumbe ulikuwa mdogo hivi," akasema. "Mdogo hivi, mama yangu."

Akaweka kiganja kwenye alama, kisha akakisogeza pembeni polepole, usawa uleule, mpaka kikatulia hewani, pale utosi ulipokuwa. Machozi yalimtoka na alikuwa na furaha, wala hakujali nani anamwona. Jua likapanda, kiganja kikabaki palepale.

Maharage yaliungua siku hiyo. Waliyala hivyohivyo.