Pikapu ya Daraja la Mwisho

Mume wangu Mtoro alinunua gari ambalo halijamalizwa kutengenezwa. Hivyo ndivyo nilivyowatangazia wanawake wenzangu wa Kiwangwa, wala sikuona kwamba natia chumvi. Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Alichukua fedha za korosho na mananasi za misimu yote tuliyojinyima, akaenda nazo Dar es Salaam, akarudi na pikapu kubwa ya Kimarekani iliyojaza njia yetu kutoka kichaka hadi kichaka. Ukubwa wake ulinipendeza, sisemi uongo. Nilipoizunguka ndipo moyo ulipoanza kuniuma.

Bampa lilikuwa chuma kilichopakwa rangi nyeupe, hakuna nikeli hata ya kujitazamia meno. Mahali pa redio palizibwa kwa kibati. Chini hapakuwa na zulia, ni mpira mtupu. Kiti kilikuwa kimoja tu, benchi refu la plastiki nyeusi kutoka mlango hadi mlango, na jua likiliwakia lilikuwa linachoma mapaja kupitia kanga mbili.

"Gari lako liko uchi," nilimwambia.

"Limekuja kazini, halikuja harusini," akajibu, akaendelea kufuta vumbi kwenye taa.

Alinieleza jioni ile, akiwa na furaha ya mtu aliyefikiri sana kabla ya kununua. Muuzaji alimwonyesha pikapu za madaraja matatu. Zote injini moja, chesi moja, ule uti wa mgongo wa gari, springi zile zile za nyuma, bodi ya upana ule ule. Ya juu ilikuwa na nikeli, redio, rangi mbili na viti vya kitambaa. Ya chini ndiyo hii. Kwa fedha alizokuwa nazo angeweza pia kupata gari dogo lenye mapambo yote, na mwenzake Mrisho wa Mapinga alimshauri hivyo.

"Mapambo naweza kununua moja moja nikipata," alisema Mtoro. "Chuma hakinunuliwi kidogo kidogo, Mize. Ukinunua kidogo, umenunua kidogo."

Nikamwambia hizo ni hesabu za mtu aliyekwisha kuliwa. Hakukasirika. Mtoro hakasiriki, na hilo ndilo hunikasirisha mimi. Miezi iliyofuata pikapu ilibeba mananasi mpaka ikaonekana kilima kinatembea, na kila nilipopanda nilitafuta la kusema. Nilisema kuhusu vioo vya pembeni, maana kilikuwa kimoja. Nilisema kuhusu mlango, ambao ulifungwa kwa kishindo cha lango la ng'ombe. Nilikuwa nikijua kusema enzi zile, na bado najua.

Sasa, binti yetu Chausiku alikuwa ameolewa Bagamoyo mjini, katika nyumba ya Bwana Sharifu, muuza vitambaa, mtu wa nyumba ya mawe na mlango wa nakshi. Mumewe, Seleman, alikuwa kijana mpole aliyepima vitambaa dukani kwa baba yake. Sisi kwao tulikuwa watu wa mashamba. Hawakulisema neno hilo mbele yetu, lakini tulilisikia katika namna walivyotukaribisha, kwa adabu nyingi na vikombe vidogo.

Chausiku alishika mimba yake ya kwanza. Desturi yetu inajulikana: mimba ya kwanza hurudi kwa mama. Msichana huchukuliwa ikiwa na miezi saba, hujifungulia kwao, na mumewe ndiye anayemfikisha na kumkabidhi kwa watu wa upande wa mama, kwa mkono wake mwenyewe. Sisi Wakwere mtoto tunamhesabu kwa tumbo la mama, kwa hiyo jambo hili kwetu si la mchezo. Mimi nilizaliwa hivyo, na Chausiku alizaliwa hivyo, mikononi mwa mama yangu.

Nilipokwenda kumjulia hali mwezi wa sita wa mimba alinivuta chumbani. Akanishika kanga akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, usije ukaniacha hapa. Wananitunza vizuri, lakini nikiumwa usiku nitamwita nani? Kila mtu hapa namwonea haya." Nilimwahidi. Nilitoka mle ndani kifua kimenijaa, na tangu siku hiyo sikuwa na wazo lingine.

Siku ilipofika tulikwenda Mtoro na mimi, na pikapu yetu. Nyuma tulipakia mananasi ya zawadi, korosho na kuku, na mikeka. Tulifika asubuhi mapema, tukapiga hodi, tukakaribishwa barazani. Bwana Sharifu na mkewe, Bi Mardhiya, walituuliza habari za mashamba, mvua, na wazee, kila kitu kwa zamu yake. Seleman alitusalimia kwa mbali, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Kahawa ikaletwa. Kisha Bwana Sharifu akainuka, akashuka barazani, akaizunguka pikapu mikono nyuma.

"Mkwe," akamwuliza Mtoro, "hii umeipata kwa bei gani?"

Mtoro akamtajia. Kuficha hajui.

Bwana Sharifu akaguna. Akagonga bampa kwa ukucha, akachungulia ndani, akaona kile kibati. "Kwa fedha hizo? Wamekuuzia sanduku, mkwe. Gari la thamani hiyo lazima limheshimu anayelipanda." Alisema kwa upole, na majirani wa baraza ya pili walisikia vizuri. Nikahisi damu ikinipanda masikioni.

Akaendelea. "Na kiti ni hiki kimoja. Seleman atakaa wapi?"

Hapo ndipo tulipokwama, na nakiri hatukuwa tumelifikiria. Benchi lile linakalisha watu watatu. Dereva ni Mtoro, na mjamzito lazima akae mbele. Tukibanana, anaweza kuingia wa nne, lakini mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai kiti kimoja. Hawali sahani moja, hawatazamani usoni, sembuse kubanana bega kwa bega mpaka Kiwangwa. Ama mimi, ama Seleman. Na wote wawili tulilazimika kwenda.

"Mwanangu hasafirishwi nyuma pamoja na kuku," alisema Bwana Sharifu. "Si maneno ya kiburi, mkwe, ni maneno ya heshima. Basi tufanye hivi. Chausiku abaki. Gari langu likirudi kutoka Dar es Salaam nitalituma limpeleke akae na nyie wiki moja, kisha limrudishe ajifungulie hapa. Hospitali ipo, wakunga wapo."

Gari lake tulilijua. Lilikuwa na nikeli mpaka kwenye vitasa. Nilimtazama Chausiku aliyesimama mlangoni na furushi lake la nguo chini ya mkono, amejitanda buibui tayari kwa safari. Alikuwa ananitazama mimi tu, na mkono wake mmoja ulikuwa juu ya tumbo.

Mtoro angejibu siku mbili baadaye, jibu zuri sana, huku anapalilia. Basi nikasimama mimi.

"Mkwe," nilimwambia Bwana Sharifu, "gari hili umelitazama kama anavyolitazama mgeni. Mimi nalipanda kila siku, niache nikuambie. Huo mpira wa chini, nikimwaga ndoo moja ya maji uchafu wa wiki nzima unatoka. Zulia lingekuwa limeoza. Bampa hilo limesukuma gogo barabarani msimu wa masika, na baadaye Mtoro akapaka rangi ya senti chache. Lako ukiligonga utalia. Umetafuta redio. Nyumba yenye wanawake kama mimi redio ya nini? Na kiti hicho kimoja unachokidharau, alilala juu yake mke wa jirani yetu amenyooka miguu tulipomwahisha zahanati. Kwenye viti viwili tungemkunja. Mume wangu hakuuziwa sanduku. Alikataa kulipia kung'aa, akalipia nguvu. Mashamba yetu yametufundisha kutofautisha."

Kila aibu niliyokuwa nikiitaja nyumbani ilitoka kinywani mwangu siku ile ikiwa sifa, na niliamini kila neno. Mtoro alinitazama kama mtu aliyeoa jana. Sikumjali. Mume wangu namsema mimi, na gari lake nalisema mimi, sikumpa mtu mwingine ruhusa hiyo.

"Na kuhusu nafasi," nikamalizia, "mimi ndiye nitakaa nyuma. Mkwe wangu akae mbele na mke wake."

Nikajifunga kanga kiunoni, nikakanyaga gurudumu, nikapanda. Nilikuwa mtu mzima mwenye mwili, na kupanda kwenyewe hakukuwa kwa madaha, lakini nilipanda. Nikakunjua mkeka, nikakaa katikati ya kuku, mgongo umenyooka, nikaitazama baraza ya jirani mpaka wakaanza kutazama vikombe vyao. Niliona fahari ambayo sijawahi kuiona katika kiti chochote.

Bi Mardhiya alitaharuki. "Mama Chausiku, shuka tafadhali, watu watasema nini?"

"Watasema nimekuja kumchukua mwanangu, mama."

Seleman alikuwa bado amesimama kando ya ukuta. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi, nyeupe kabisa, na koti juu. Nilimwona anamtazama baba yake, kisha mkewe mlangoni. Mkwe kukaa kwenye kiti na mama mkwe wake akarushwa nyuma ni laana kwetu, na nadhani hata kwao si jambo la kusimulia. Akavua koti, akamkabidhi mama yake.

"Seleman, kanzu yako," alisema Bi Mardhiya.

"Kanzu hufuliwa, mama."

Akaja mpaka ubavuni mwa gari, uso ameuelekeza kwenye gurudumu ili asinitazame. "Mama," aliniambia, "nakuomba ushuke ukae na Chausiku. Anayekwenda kukabidhi mtu hakai mbele ya anayekabidhiwa. Nyuma ni mahali pangu."

Bwana Sharifu alimwita jina lake mara moja, kwa sauti anayomwitia dukani. Seleman akasema, "Labeka, baba," kwa adabu zote, huku ameshika ubao wa bodi na mguu mmoja uko juu. Nilishuka upande ule, yeye akapanda upande huu, tusipitane. Akakaa juu ya mkeka niliouacha, akaweka kuku mmoja sawa.

Watu wa baraza ya pili walikuwa wamesimama sasa. Nilidhani Bwana Sharifu atasema neno la kuharibu, na nilikuwa nimekwisha kuandaa la kwangu. Badala yake akageuka akaingia ndani, akatoka na mto wa kiti chake cha kupumzikia, akampa mwanawe kwa mikono miwili. "Shika ubao vizuri," alimwambia. Kisha akamgeukia Mtoro: "Endesha polepole, mkwe. Huyu hajazoea."

"Nitaendesha kama nimebeba mayai," alisema Mtoro, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu aitaje bei.

Chausiku alikaa katikati yetu. Nilimsikia akishusha pumzi iliyokaa kifuani mwake tangu mwezi wa sita. Mtoro aliwasha gari, na badala ya kukata kushoto akanyoosha moja kwa moja, akapita sokoni, akapita mbele ya msikiti, akapita mbele ya duka la Bwana Sharifu mwenyewe, taratibu, dirisha wazi na kiwiko nje.

"Njia ya Kiwangwa si huku," nilimwambia.

"Najua," akasema Mtoro.

Watu walisalimia. Nyuma Seleman alisimama ameshika ubao, kanzu inapepea, akiitikia salamu za mji mzima. Alikuwa anasalimia kwa jina, na aliyemwuliza anakwenda wapi alijibiwa, "Nampeleka mke wangu kwao." Chausiku alianza kucheka taratibu, kisha akalala begani kwangu kabla hatujamaliza nyumba za mwisho.

Barabara ilikuwa kavu. Vumbi tulilolitimua lilimpata Seleman lote. Tulipofika nyumbani watu walikuwa wanatungoja, wanawake wakapiga vigelegele, na wazee wakasogea kumtazama mkwe wa mjini aliyekuwa mwekundu kuanzia kofia hadi viatu, hata kope. Mmoja wa wazee, mjomba wake Chausiku, alimtania Mtoro kwa sauti: "Kumbe mkwe umemleta kama gunia?"

Seleman aliruka chini. "Shikamoo, mjomba," alisema. "Hakuna aliyenipakia. Nimepanda mwenyewe." Akazunguka mpaka mlango wa mbele, akaufungua, akamshika Chausiku mkono, akamshusha, akamtembeza hatua kwa hatua mpaka kizingitini, akauweka mkono wake ndani ya mkono wa mjomba. Akasema maneno yote ya kukabidhi.

Kwetu mama mkwe hampelekei mkwe maji. Hutumwa mtoto, au mama mdogo. Nilimwona Seleman amekaa peke yake kwenye ukingo wa baraza, anajifuta macho kwa mkono wenye vumbi na kuzidi kuyachafua. Nikachukua beseni na birika, nikatoka navyo mbele ya wazee wote, nikapiga goti, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yangu.

"Lete mikono, baba," nilimwambia, nikammiminia.