Vidonda, Nilimwambia

…na hadi leo sijajua ni nani aliyetangulia kusema twende, asubuhi ile tuliyokimbia kwetu, sokoni Butembo, maana mimi Huguette nilikuwa pale, meza imegusana na meza, watu wamekaa bega kwa bega, kisha ghafla kila mtu amemwachia jirani yake na soko zima linakimbia, na wote niliowauliza hapa Kampala wanasema walisikia kwa mwenzao, hakuna aliyeanza… Dokta Odur bado anachora nyuma ya karatasi ya vipimo, Kiingereza chake polepole ili mimi mkalimani nisidondoshe kitu, seli za tumbo, anasema, hukaa zimeshikana, ujumbe unazifikia kwa nje, unapitishwa ndani hatua kwa hatua, kua, sasa basi, tulia, lakini katika kansa hii mpokeaji mmoja ameharibika, hanyamazi, anazidi kusema kua, nenda, na hakuna aliyemtuma, ndipo seli inawaachia jirani zake, inayeyusha kinachoizuia, inapenya… anatoboa karatasi kwa ncha ya kalamu… imeingia ndani ya ukuta wa tumbo, ini bado halijaguswa, wiki ijayo tunaweza kupasua, tukichelewa tena siahidi kitu, mwambie… na Mama Mbambu ananigeukia, mkono juu ya tumbo, "Eh Huguette, dokta amesema mrefu hivi, na weye utaniletea maneno matatu? Maneno ingine unakulaka?", anacheka, moshi wa kibanda anachopikia sombe, majani ya muhogo, kule Kabalagala bado uko kwenye kitenge, na Blaise mwanawe hacheki, Blaise aliyenivuta mkono pale koridoni, akaniita dada mkubwa kwa neno la kwetu, "Yaya, sema vidonda tu, ile jina itamuua kabla ya ugonjwa", wala simlaumu, kwetu ndivyo, mgonjwa mzee habebeshwi jina la ugonjwa, watoto humbebea, baba yangu alizikwa na malaria ambayo hakuwa nayo na hakuna aliyeona ni uongo, tuliona ni heshima… lakini mara mbili sasa nimesema vidonda kwenye chumba hiki, na kwa kuwa ni vidonda Mama Mbambu alikataa kisu, nani hupasuliwa kwa vidonda, alisema, akarudi kwenye sufuria zake na kunywa maji ya kabichi, miezi miwili, na miezi hiyo miwili kitu kile kilikuwa kinatembea, dokta alitoa neno sahihi, likaingia sikioni mwangu, likatoka jingine, kwa upendo, na nyumba nzima ikalitii… nilidhani tunambebea jina tu, kumbe tulimbebea na uamuzi, na uamuzi huo hakuna anayeweza kuufanya badala yake, tumbo ni lake… labda atakataa tena, labda atalia, labda Blaise hatanisalimia kanisani, sijui, anangoja, bado anatabasamu, Blaise anatikisa kichwa kidogo sana, hapana, yaya, na dokta anatutazama sote watatu bila kuelewa kwa nini sentensi rahisi inachukua muda hivi… ningeweza kumwachia Blaise, ni mama yake, lakini aliyesema vidonda hakuwa Blaise, na kwa hiyo ni mimi, ninavuta kiti karibu, ni mimi, "Mama Mbambu, si vidonda. Dokta hakusema vidonda hata siku moja. Ni mimi niliyekuficha."