Sentensi Kwanza

Makofi ndiyo ninayoyasikia kwanza kila nikiikumbuka siku ile. Si kishindo cha mwili kuanguka, wala kiti kilichoburuzwa, bali makofi ya darasa zima, makofi ya watoto waliopata jibu. Mwalimu wangu alikuwa amelala sakafuni, shavu juu ya saruji, na sisi tulikuwa tunamshangilia.

Wanafunzi walimwita Bwana Vipi. Hakujua, au alijifanya hajui. Nilipopelekwa kwake kwa mazoezi ya kufundisha, nikiwa na faili jipya la chuoni na sauti isiyofika hata madawati ya katikati, alinipokea kwenye mlango wa ofisi ya walimu akiwa na vumbi magotini kama fundi wa vigae. Nikamwamkia. Aliitikia, akaniuliza kama nawaogopa watoto. Nikasema, kidogo. Akasema hata yeye, na alikuwa anafundisha tangu mama yangu hajaolewa.

Vumbi lile nililielewa kesho yake. Alifundisha Kiingereza, na ndani ya Kiingereza alikuwa na kichaa chake kimoja: namna kitenzi cha wakati uliopita kinavyoshikana na kielezi, kisha na kihusishi. Kitenzi kikiachwa peke yake, alisema, ni kama mtu aliyepita nje gizani. Unajua kapita, lakini hujui kapitaje wala kaelekea wapi. Kwa hiyo hakuandika ubaoni. Alitenda. Alitoka mezani akijikokota hadi dirishani, kisha akawageukia wanafunzi na kusubiri.

"He walked towards the window," darasa likasema.

"How?" akauliza. Vipi?

"Slowly!"

Hapo ndipo alipoitikia kwa kichwa, akaondoka dirishani. Polepole, kuelekea dirishani: vyote viwili viwepo, ndipo tendo likubalike. Alitambaa chini ya meza, akaruka kwa furaha juu ya kizingiti, akajibanza kimyakimya nyuma ya kabati, na popote alipofika alikaa hapo mpaka sentensi itimie. Siku moja darasa lilisahau kielezi, akabaki chini ya meza hadi kengele ikalia. Mwalimu wa hesabu akaingia kwa kipindi chake, akainama na kumuuliza amepoteza nini.

"Kielezi," akajibu kutoka kule chini.

Kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa kuanguka. Alianguka vizuri, kama gunia lililoshushwa na mtu mwenye huruma. Mara ya kwanza watoto waliinuka kumsaidia, naye akainua kidole akiwa bado amelala. Wasimnyanyue, alisema. Sentensi kwanza. Baada ya hapo hakuna aliyeinuka tena. Na kabla ya kuanguka kokote alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya dawati la msichana wa mbele taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Mkewe, fundi wa cherehani, hakuupenda mchezo huo. Jumapili moja nilipowatembelea aliniambia, huku mkono wake ukisukuma kitambaa chini ya sindano, kwamba mume wake hajui kuacha kazi kazini. Hata jikoni anaanguka. "Siku akianguka kweli, mwanangu, nitajuaje?" Mume akacheka. Nami nikacheka, kwa adabu ya mgeni.

Kisha ikaja zamu yangu kufundisha. Nilijua somo, nilikuwa nimelisoma chuoni mpaka nikaliota. Nililoshindwa ni mwili wangu. Sikuweza kujikokota wala kuruka mbele ya watoto wale, hasa mbele ya kijana mmoja waliyemwita Spika, ambaye sauti yake ilisikika mpaka dukani. Nilimwambia mwalimu ukweli huo nikiwa natazama viatu vyangu. Hakunicheka. Alisema tutagawana kazi.

"Wewe uliza, binti. Mimi nitatenda."

Basi asubuhi ile nilisimama ubaoni na chaki, yeye akasimama kati ya madawati. Ilianza vizuri, vizuri mno. Alitembea kwa haraka kuvuka darasa, watoto wakasema. Alikaa kwa hasira juu ya kiti, watoto wakasema. Niliuliza "How?" na sauti yangu ikafika ukutani na kunirudia, nikashangaa kuwa ni yangu. Aliniangalia kutoka kwenye kile kiti, akatabasamu. Nilidhani tabasamu lile limepinda kwa utani.

Akainuka. Akashika ukingo wa dawati. Akaanguka.

"He fell off the chair!" akasema Spika.

Wengine wakambishia. Hakuwa kitini, alikuwa ameshainuka; si "off", ni "onto the floor". Wakabishana kwa raha, na mimi nikasubiri watulie, kama nilivyofundishwa. Mwalimu hakusogea. Nikaona jinsi anavyonisaidia, jinsi anavyowapa muda.

"How?" nikauliza.

"Suddenly!" Darasa zima. Kisha wakaipanga sentensi yote kwa pamoja, alianguka ghafla juu ya sakafu, bila kosa hata moja, na wakapiga makofi. Nami nikapiga, chaki ikiwa bado mkononi. Tulisubiri ainuke apanguse magoti.

Macho yangu yakaenda kwenye dawati la msichana wa mbele. Halikuwa na kitu.

Miwani ilikuwa usoni kwake. Mguu mmoja wa miwani ulikuwa umevunjika chini ya shavu, na kioo kimepasuka, na nyuma ya kioo jicho lilikuwa wazi likitazama miguu ya madawati. Nilijaribu kusema neno. Lililotoka lilikuwa, "Miwani." Nikalisema tena kwa nguvu zaidi, "Miwani!" na yule msichana wa mbele, mtoto mwema mwenye bidii, akadhani nimempa neno la kuongezea. Akasimama, akasema kwa Kiingereza safi kwamba mwalimu alianguka ghafla juu ya miwani yake.

Wakampigia makofi na yeye.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini wala kwa lugha gani. Spika ndiye aliyenyamaza wa kwanza, na ukimya ukaenda dawati hadi dawati, mpaka tukasikia pumzi ya mwalimu, ikikwaruza kama kiti kinachoburuzwa chumba cha pili. Kisha watoto waliokatazwa kumnyanyua wakamnyanyua wote kwa pamoja.

Daktari alisema ni kiharusi. Alisema bado ni mapema kujua kama atapona, na akipona, kama atasema. Mkewe alifika hospitali na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, pini zimechomwa kifuani mwa gauni. Aliniuliza swali moja tu, kama alivua miwani. Nikasema hapana. Akakaa.

Niliporudi darasani hakuna aliyetaka kusema sentensi. Niliuliza, wakatazama madaftari. Spika alisema kwa sauti niliyolazimika kuiinamia kwamba yeye hasemi tena kitu mpaka mwalimu aseme. Nikawafundisha kwa kuandika ubaoni, siku baada ya siku, chaki peke yake ndiyo ikizungumza.

Alhamisi moja alasiri nilimkuta mwalimu hospitalini, ameketi kwa mito. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea, na mdomo ulitoa sauti zisizokuwa maneno. Alikuwa na miwani mpya. Mkewe alikuwa akikunja shuka, akaniambia kwamba tangu asubuhi amekataa kunyweshwa, sijui ana nini, mkaidi huyu. Kikombe cha maji kilikuwa kwenye kimeza kando ya kitanda.

Alinitazama. Kisha, kwa uangalifu niliouona mara nyingi, alivua miwani kwa mkono ule mzima, akaiweka juu ya blanketi. Mkono ukaanza kutambaa. Ulivuka shuka, ukafika ukingoni, ukatetemeka, ukanyooka kuelekea kikombe. Kabla haujakigusa ukasimama hewani, na macho yake yakarudi kwangu.

Nilielewa.

"He moved his hand," nikasema, "towards the cup."

Mkono haukusogea. Ulitetemeka pale pale, na maji yakitetemeka kwa kimeza kilichoguswa na kiwiko chake. Nilijua nilichokiacha. Nilikiacha makusudi, kwa sababu kilikuwa mbele ya macho yangu na sikutaka kukitaja.

Mkewe aliacha kukunja. Alimtazama mumewe, akautazama mkono, kisha mimi. Aliishi na mtu huyu miaka yote ile.

"Vipi, mwanangu?" akauliza, kwa niaba yake.

"Slowly," nikasema.

Akakishika kikombe.