Ukurasa wa Kila Siku

Rashidy alimpiga mkewe, Mwanawetu, kwa mpini wa jembe mpaka mfupa wa mkono wa kushoto ukavunjika kama muhogo mkavu. Kosa lenyewe? Mwanawetu alikutwa na daftari mapajani, ugali haujasongwa.

"Unaandika nini kila siku? Unaniandika mimi?" Akamkamata nywele, akambamiza ukutani, kisha akalitupa daftari mekoni likateketea.

Mwanawetu, mkulima wa ufuta kijijini Chinongwe, alikuwa anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne wa watahiniwa wa kujitegemea. Mwalimu Felomena wa Nachingwea alimpa sharti moja: ukurasa mmoja kila siku, aumwe asiumwe. Insha ya kwanza ilikuwa mistari sita ya madoido matupu. Felomena aliichana mbele yake. "Mama, maua kapambie kitanda. Mimi niambie nani, wapi, saa ngapi." Ilimuuma mno, akaapa kumkomesha mwalimu yule. Kufikia insha ya hamsini alikuwa anajaza ukurasa. Kufikia ya mia, Felomena alikosa pa kutia wino mwekundu.

Jioni hiyo ya kipigo Mwanawetu alipanda bodaboda hadi kituo cha polisi, damu ikimchuruzika sikioni. Zamuni alikuwapo askari Agapiti. Askari hakumtambua. Mwanawetu alimtambua vizuri sana.

"Dada, hayo mambo ya ndani. Nendeni mkayamalize na wazee."

"Naomba karatasi."

"Maelezo naandika mimi."

"Mkono wangu wa kulia mzima."

Agapiti akamrushia karatasi mbili kwa dharau. Mwanawetu akaandika: saa kumi na mbili na robo jioni, pigo la kwanza lilitua wapi, la tano wapi, jirani gani alichungulia akarudi ndani. Akachukua karatasi ya pili, akaendelea.

Agapiti alianza kusoma huku akichokonoa meno. Ukurasa wa pili ukamsimamisha.

"Tarehe tatu Machi nilifika kituo hiki hiki, nimeshika meno yangu mawili kiganjani. Askari Agapiti alicheka, akanirudisha kwa Rashidy. Rashidy akanipiga mateke ya tumbo. Mimba yangu ya miezi mitano ikatoka sakafuni."

"Hii sehemu ifute," alisema Agapiti, akimsukumia karatasi.

"Sifuti," alisema Mwanawetu. "Na kesho naandika ukurasa mwingine, nampelekea mkuu wako."