Mistari Iliyoishia Mlangoni

Mama Gakii alikuwa ameshafunga sanduku. Juu kabisa aliweka majani ya chai ya dukani Harrow, huku ughaibuni, ambayo dada yake wa Meru aliyaagiza kana kwamba chai haioti mlangoni pake. Anakwenda Meru miezi miwili tu, ndivyo binti yake alivyomwambia, sakafu ya nyumba ivunjwe na kutiwa mabomba ya maji moto. Akirudi atakanyaga joto. Magoti yake, yaliyosugua sakafu za ofisi za watu miaka ishirini na sita, yalikuwa yakiingoja siku hiyo.

Asubuhi ile fundi akaja, mwanamke Mhindi wa mtaa wa Southall aitwaye Poonam, mzaliwa wa Kisumu. Kiswahili cha dukani kwa baba yake bado alikuwa nacho. Akakunjua ramani juu ya meza ya jikoni, akaizuia isijikunje kwa kipande cha bomba jeupe.

"Mama, njia ni mbili. Moja, tunavunja sakafu, tunapanga mabomba, tunamwaga saruji. Hiyo ikauke miezi miwili, nyumba tupu. Ingine, tunalaza mbao za mifereji juu ya sakafu hii hii, bomba linaingia kwa mfereji. Siku nne. Hakuna mtu anahama."

"Hakuna anayehama?"

"Mnahama chumba kwa chumba tu. Nilimwambia Gakii hiyo ndiyo nzuri, kuna mzee ndani ya nyumba."

Gakii alikuwa akiosha kikombe kimoja tangu Poonam aketi. Hakugeuka. "Saruji inashika joto zaidi," akasema.

Mama akavaa miwani. Akaifuata mistari myekundu kwa kidole, polepole, kama anayetafuta uzi uliokatika: sebuleni, jikoni, ukumbini, hadi chumba chake nyuma ya ngazi. Mlangoni mstari ukageuka, ukarudi ulikotoka.

"Hapa umesahau, mwanangu."

"Sijasahau, mama. Hapo Gakii amesema ni stoo ya baiskeli. Baiskeli hapana sikia baridi!" Poonam akacheka, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake.

"Na mtu akitaka kuongeza baadaye?"

"Saruji ikishamwagwa?" Poonam akatazama meza. "Mpaka uvunje tena, mama."

Maji ya bomba yakafungwa.

"Gakii. Tikiti yangu ya kurudi ni ya tarehe ngapi?"

"Mum, plizi. Tutaongea."

"Nimekuuliza tarehe."

"Tungeikata ukiwa huko." Gakii alikuwa bado amempa mgongo. "Huko uko na shamba, uko na dada yako. Hapa unashinda ukiangalia ukuta, mimi niko kazini. Nilikuwa nitakuambia."

"Ungeniambia ningekusikia. Ilibidi uvunje nyumba ndio unitoe?"

Gakii akajipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akaja mezani, akachukua kalamu ya Poonam, akatia sahihi kwenye ramani, chini ya neno "saruji". Poonam alikuwa akipekua mkoba wake, akitafuta kitu kisichokuwamo.

Mama Gakii akaingia chumbani, akafungua sanduku. Akatoka na jozi tatu za soksi za sufu, alizozifuma mwenyewe kwa ajili ya baridi ya sakafu ya nyumba hii. Akazipanga juu ya ramani, pale palipoachwa peupe.

"Hizi Meru sitazihitaji," akasema. "Valisheni baiskeli."