Kamba wa Bwana Afisa

Umeme ulikatika asubuhi, Warda akikanda unga wa maandazi. Friji lilitetemeka mara moja, likanyamaza. Siku nyingine angeacha unga, akimbilie samaki wake. Leo aliendelea kukanda.

Mle ndani mlikuwa na ndoo mbili za kamba wabichi waliofika jana jioni kutoka Mbuchi. Hawakuwa wake. Walikuwa wa Ashrafu, afisa aliyesimamia vibanda vya barabarani. Binti yake alikuwa anaolewa kesho, wakwe wanatoka Dar, na nyumbani kwake friji lilikuwa limejaa soda na nyama.

"Niwakute wabichi, Bi Warda," alikuwa amesema. Hakuuliza kama kuna nafasi. Aliwatoa mwenyewe samaki wa Warda, akawaweka chini.

Warda aliishi na kuuza chakula ndani ya gari moja kuukuu lenye kitanda, jiko na sinki. Watalii walilitelekeza lilipokufa injini, na marehemu mumewe, Huseni, akalinunua kwa bei ya chuma chakavu. Ndani walikuta friji dogo la gesi. Halikupiga kelele, wala halikujua kama umeme upo au haupo. Ukibadilisha mtungi kwa wakati, samaki wako salama.

Kisha Ashrafu akaja na amri: gesi ndani ya gari ni hatari, kila mtu anunue friji la umeme la nyumbani, tena kwenye duka alilolitaja yeye. Duka lilikuwa la shemeji yake, na hakuna asiyejua. Warda angeachiwa achague, asingefikiria mara mbili. Hakuachiwa. Friji lile jeupe halikuenea mpaka kitanda kilipong'olewa, na tangu hapo analala sakafuni, miguu chini ya sinki. La gesi lilibaki kwenye kona limebandikwa karatasi yenye muhuri. Mtungi wake ulifungiwa stoo ya ofisi.

Hayo yote angeyameza. Alichoshindwa kukimeza ni siku umeme ulipokatika kutwa, samaki wake wakaoza. Ashrafu alikuja na leso puani.

"Mchafu wewe! Samaki wa hivi huzikwa. Chukua jembe."

Akamsimamia nyuma ya choo, mbele ya wateja, mpaka shimo lilipofika magotini. Wateja walicheka. Wengine hawajarudi mpaka leo.

Adhuhuri ilipopita, Saadi muuza barafu alivuka barabara.

"Dada Warda, lete huo mzigo. Kasha langu lina nafasi."

"Mzigo wa nani?"

"Si wa yule bwana?"

"Basi mwache nao."

Saadi alimtazama. "Noma hiyo, dada. Harusi ya binti wa watu."

Warda alimfikiria bibi harusi, msichana mpole aliyekuwa akinunua maandazi kwake na kumwamkia vizuri. Ilimuuma, lakini si sana.

"Na mimi nilikuwa binti wa watu siku ile nachimba," alisema. "Rudi kwenye barafu yako, Saadi."

Bati la gari liliwaka jua. Warda aliketi kando ya friji, akausikiliza ukimya wake, na kwa mara ya kwanza tangu lile dubwana liingie humo alilipenda.

Ashrafu alifika baada ya Alasiri kwa pikipiki, amevaa viatu vipya. Wauzaji wa jirani wakasogea mlangoni.

"Nasikia umeme hamna. Watoe kamba, watie kwenye la gesi. Fanya haraka!"

"Lina karatasi yako, bwana afisa."

Akaichana mwenyewe, akaitupa chini. Watu wote walimwona.

"Haya, washa!"

"Mtungi uko stoo kwako."

Akapiga simu. Mwenye ufunguo alikuwa kwenye msiba Ikwiriri. Ndipo Ashrafu alipofungua friji jeupe. Harufu ilitoka ikafika barabarani. Kamba walikuwa wameshakuwa weusi vichwani.

"Barafu ipo hapo ng'ambo! Kwa nini hukuwapeleka?"

"Amri ilisema friji la umeme. Nani mimi nivunje amri yako?"

Mtu mmoja nje akacheka, halafu wengine. Warda akainama chini ya sinki, akatoa jembe, akamnyooshea kwa mpini.

"Samaki wa hivi huzikwa," alisema. "Mahali unapajua."

Ashrafu hakulipokea.

"Kesho asubuhi nisilikute gari hili hapa!"

"Halina injini. Njoo ulisukume."

Alizibeba ndoo zake mwenyewe mpaka kwenye pikipiki, maji ya kamba yakimchuruzikia viatuni. Warda alijua kesho watakuja kweli, na trekta na minyororo, na hakuna kati ya hawa wanaocheka atakayesimama mbele ya trekta. Hata hivyo moyo ulimtulia. Hakuona haya.

Pikipiki haijafika kwenye kona, umeme ukarudi. Friji likaanza kunguruma, tupu.

Warda alichomoa waya. Akatia mkaa kwenye jiko, akaiokota ile karatasi yenye muhuri, akawashia moto. Maandazi ya jioni yalikuwa bado hayajachomwa.